Feri Imejaa

Jumamosi moja ya Agosti 2015, mwanangu akiwa na miaka tisa, nilimtamkia maneno matano: "Niondokee! Sitaki kukuona matoni mwangu!"

Tulikuwa na mgeni siku ile, ami yangu kutoka Lamu, mzee wa heshima. Mama yangu alikuwa amepika biriani ya mbuzi. Ami alipofika katikati ya sahani akashika tumbo, akasema kama wasemavyo wageni wote wa pwani: "Alhamdulillahi nimeshiba, hata punje haiingii tena." Kila aliyekaa mkekani alijua kinachofuata. Mwenyeji huapa kwamba lazima uongeze, mgeni hukataa, mwenyeji hushikilia, na mwisho sahani hujazwa. Mwanangu yeye alisikia jambo moja tu, kwamba mgeni ameshiba. Akanyanyuka, akamwondolea ami sahani iliyokuwa bado na mnofu, akaipeleka jikoni. Ami akanitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Mashaallah, mtoto huyu mumemlea mkalea." Mwanangu alikuwa amefundishwa kushukuru akisifiwa. Akasimama mlangoni akajibu, "Ahsante, babu."

Hapo uso ukaniwaka kwa aibu, nikayatoa maneno yale. Nilikusudia aende chumbani, akae huko mpaka hasira zangu zishuke. Hadi Alasiri hakuna aliyemwona. Chumbani hayumo, darini hayumo, kwa jirani hakufika.

Tukagawana mji wa Mombasa. Kaka yangu akashika Kuze na Mlango wa Papa, jirani akaenda Forodhani, mimi nikapita Ndia Kuu nzima hadi Ngomeni nikiuliza kila baraza. Kisha nikakumbuka meli. Mwanangu alipenda meli kuliko kitu chochote, na meli zinazoingia Kilindini huonekana vizuri ukiwa kwenye mibuyu ya Mama Ngina, pale wanapouza mihogo na madafu. Nikapanda tuktuk. Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipomwona ameketi chini ya mbuyu mnene, miguu kaikunja, macho kayaelekeza baharini.

Nilipomwita alinyanyuka, akazunguka nyuma ya mbuyu. Nikaenda upande wa kulia, naye akazunguka upande wa kushoto. Nikarudi kushoto, akarudi kulia. Nilidhani anaogopa kipigo, nikamwambia, "Ndoo, babangu, sikupigi." Sauti yake ikatoka upande wa pili wa mti, shwari kabisa, haina kilio: "Ulisema hutaki kuniona. Hujasema wataka."

Nikasema nataka. Nikasema nataka kumwona sasa na siku zote. Akatoka papo hapo, akanipa mkono kama kawaida yake, akanieleza kwamba tangu afike pale meli nne zimeingia na mbili zimetoka.

Miaka kumi imepita, na kila nipitapo kwenye mbuyu ule hutia breki moyoni. Mtoto alikuwa amenitii kuliko mtoto yeyote aliyewahi kumtii baba. Mimi ndiye niliyekuwa nimesema uongo.

Niseme mimi ni nani, ili msomaji ajue kilichonipofusha. Ni karani wa tali bandarini Kilindini. Kazi yangu ni kuhesabu kinachoshuka melini na kinachopanda, kukiandika na kukitia sahihi. Lakini nimezaliwa Kibokoni, na kwa upande wa mama tunajinasibu na Wakilindini, moja ya zile Taifa Tatu za Mombasa pamoja na Watangana na Wachangamwe. Nyumbani kwetu ushairi ulikuwa chakula. Babu yangu alitufundisha kwamba mji huu ulipiganwa kwa mafumbo kabla ya kupiganwa kwa mizinga, na kwamba Muyaka bin Haji, aliyezaliwa yapata 1776 na kufa 1840, aliwatetea Wamazrui dhidi ya Seyyid Said kwa mashairi ambayo adui aliyasikia yakimchoma bila kuona mahali pa kuushika mkuki. Mimi mwenyewe hutunga. Vijana wakioa huja kuniomba beti.

Na mama yangu. Mama hakuwa mtu wa kugombana. Alivaa leso. Aliingia duka la Kaderdina Hajee Essak pale Biashara Street, wenye leso za Mali ya Abdulla, duka ambalo asili yake ni 1887, akasoma majina kwanza na rangi baadaye. Pindo na mji vilikuwa pambo, jina ndilo alilonunua. Jirani aliyemsengenya Jumatatu aliletewa jibu Alhamisi, limezungushwa kiunoni, likapita mbele ya baraza yake pole pole, na hakuna aliyefungua mdomo.

Katika nyumba kama hiyo kuna methali moja inayotamkwa karibu kila siku: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Niliiamini kama ninavyoamini kujaa na kupwa kwa maji. Kwa methali hiyo nilimhukumu mwanangu tangu alipoanza kusema. Aliambiwa ana miguu ya kuku kwa kutotulia, akainama akaitazama miguu yake. Shangazi yake alisema ana moyo wa jiwe, akaomba tumpeleke hospitali. Kila aliposhindwa na fumbo, methali ile ilimaliza kesi, na hukumu ilikuwa mjinga. Sikuwahi kulitamka neno hilo mbele yake, lakini lilikuwa ndani yangu, na watoto hulisikia lililo ndani.

Shule ya kwanza ilimrudisha nyumbani. Mwalimu aliwaambia watoto wafunge midomo. Mwanangu akatoa kitambaa chake cha mkononi, akajifunga mdomo, fundo akalipiga kisogoni, akaendelea kuandika hesabu zake kimya. Mwalimu aliona dharau, akamchapa mbele ya darasa, ingawa kiboko kilikuwa kimepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001. Nami nilipoletewa habari niliona dharau ileile. Sikumuuliza mtoto. Ningemuuliza angenijibu kwamba aliambiwa afunge, na mdomo bila kitambaa hufunguka wenyewe.

Jamaa walisema ni pepo. Akanyweshwa kombe, akafukizwa, mzee mmoja akamsomea siku saba. Simlaumu mtu. Mimi ndiye niliyelipa, na niliyefanya kwa mapenzi. Mwaka uleule wa mbuyu, 2015, watafiti wa KEMRI kule Kilifi, Joseph Gona na wenzake, walichapisha walichokisikia kwa wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa kuhusu watoto kama wangu. Wazazi walitaja pepo, uchawi na laana, wakataja pia maradhi na uzazi wenye matatizo. Nilipokuja kuyasoma baadaye nilijikuta mle, kama mtu aliyepigwa picha akiwa usingizini.

Wiki mbili baada ya Jumamosi ile mke wangu alisema imetosha. Tukaenda kwenye kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu, kimoja cha vile vituo ambavyo Wizara ya Elimu ilianza kuviweka 1984. Tulipokewa na mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alimwambia mwanangu, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Maana yake nini?" Mtoto alikuwa amenyolewa. Akapapasa kichwa chake kitupu, akafikiri kwa muda mrefu, akajibu, "Basi mimi sina mpaka ziote." Nilitazama chini. Yule mama hakucheka wala hakusikitika. Aliandika. Kisha akanigeukia mimi kwa swali ambalo sikulitegemea: "Na yeye husema maneno gani ambayo wewe, baba, huyaelewi?"

Nilidhani tumekuja kupima asichokielewa yeye. Siku ile nilisikia neno usonji kwa mara ya kwanza likitajwa kwa mtoto wangu, lakini nililotoka nalo nyumbani ni swali lile. Kwa sababu jibu nilikuwa nalo, tena nilikuwa nalo kwa miaka minne.

Tangu akiwa na miaka mitano mwanangu alikuwa akisema "Feri imejaa." Alisema akiwa Marikiti. Alisema msikitini siku ya Ijumaa. Alisema harusini taarabu ikipamba moto, na wakati mwingine alisema nyumbani, akiwa na mamake tu. Tulizoea kumjibu kwamba hapa hakuna feri. Alirudia. Tukamkanya. Alirudia kwa kelele, akaziba masikio, akajigonga kichwa ukutani, nasi tukasema ni ukaidi.

Yule mama wa kituoni alinishauri niandike. Kuandika ni kazi yangu, na pia kulikuwa na hadithi niliyoijua. Nimesoma shule ya Allidina Visram, na katika jengo lile kuna habari ambayo kila mwanafunzi mdadisi huipata. Aprili 1942 Wajapani walishambulia Colombo kwa ndege, na Waingereza wakawahamishia Mombasa watu wao wa kufumbua maandishi ya siri, wakawaweka katika shule yetu, na kituo kikajulikana kwa jina la Kilindini. Novemba ya mwaka huo walifumbua maandishi ya siri ya meli za biashara za Kijapani. Ufunguo waliupata kwa sababu mtu wa upande wa pili alisahau kutaja mahali meli ilipo, akautuma ujumbe uleule mara ya pili akiwa ameongeza alichokisahau. Waliziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, wakatazama zinapofanana na zinapotofautiana. Mwaka uliofuata walirudi Colombo. Nilipokuwa mwanafunzi nilijivunia habari hiyo bila kujua nitakuja kuihitaji. Mwanangu naye alikuwa akinitumia ujumbe uleule kwa miaka minne, na mimi sikuwahi kuweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu.

Nikanunua daftari. Nikachora mistari kama karatasi ya tali: tarehe, mahali, nani alikuwepo, nini kilitangulia. Kwa wiki sita nilipata "Feri imejaa" mara 31. Mara 27 kulikuwa na umati au kipaza sauti. Nne zilizobaki ndizo zilizonisumbua, kwa sababu zilikuwa nyumbani, na nyumbani hakukuwa na umati. Nikasoma tena safu ya mwisho. Mara zote nne redio ilikuwa inasema, blenda inasaga nazi, na fundi wa jirani anagonga ukuta. Watu walikuwa wawili tu chumbani, lakini kelele zilikuwa tatu kwa wakati mmoja. Kilichojaa kilikuwa ndani yake.

Nilimsomea mke wangu. Aliweka kisu chini, akasema, "Likoni. Idi ya 2011." Nikakumbuka. Tulikuwa tunavuka kwenda kwa wakwe, umati umebanana kwenye mteremko, honi zinalia, mtoto mikononi mwa mamake anatetemeka. Mfanyakazi wa feri akanyoosha mikono akapiga ukelele, "Feri imejaa! Feri imejaa!" na lango likafungwa mbele yetu. Kwa mtu wa Mombasa ukelele ule si jambo jepesi. Tangu feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994 na watu 272 wakafa, kujaa kwa feri ni habari ya uhai na kifo. Ukelele ulipotoka, watu wakarudi nyuma, msongamano ukalegea, mtoto akapumua. Akalichukua neno lile lililofanya watu warudi nyuma, akaliweka akiba. Kila alipozidiwa alilitoa, na kila alipolitoa tulimwambia hapa hakuna feri.

Nilikaa kitandani usiku ule nikalia. Mtoto ambaye sote tulisema hajui sitiari alikuwa ametunga sitiari akiwa na miaka mitano, tena nzuri kuliko zangu nyingi. Nimesoma Muyaka na najua kwamba beti zake nyingi zingekuwa ukuta mtupu kwetu leo lau si Mu'allim Sikujua bin Abdallah kuzihifadhi na kueleza visa vyake. Bila kisa, fumbo la mshairi mkubwa halisemi kitu. Tulimpa Muyaka heshima ya kuutafuta ufunguo wake, mwanangu hatukumpa.

Baadaye nilijua kwamba jambo hili lina umri mrefu katika vitabu vya madaktari. Leo Kanner wa Baltimore, aliyeandika habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, aliandika tena 1946 juu ya maneno yao peke yake. Alisimulia kisa cha mtoto ambaye mamake alikuwa akimwimbia wimbo jikoni, sufuria likamponyoka likaanguka, na tangu hapo mtoto akiona chombo kama sufuria hutamka maneno ya wimbo ule. Kanner alisema hayo yanayoonekana hayana kichwa wala miguu ni sitiari za mtoto mwenyewe, na anayejua yalikoanzia huyaelewa. Na Mwingereza Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi nasi hatuwaelewi wao, ila ni wao tu wanaopelekwa hospitali kwa ajili yake.

Siku iliyofuata usiku ule wa kilio nilikuwa naye Marikiti, mbele ya wauza ndizi. Akasema, "Feri imejaa." Nikamjibu, "Basi tushuke." Nikamshika mkono, tukatoka hadi kwenye kivuli kilicho kimya. Hakupiga kelele. Alinitazama usoni, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, akasema, "Tumeshuka."

Sisemi mambo yalinyooka siku moja. Vijembe na kejeli viliendelea kumpita, na bado vinampita. Francesca Happé, mwanasaikolojia wa London, alionyesha mwaka 1993 kwamba mambo haya yana ngazi: tashbihi ni rahisi, sitiari inahitaji kukisia aliyonayo msemaji moyoni, na kejeli ndiyo ya juu kabisa. Nikiifikiria Jumamosi ile naona mtoto wa miaka tisa aliyewekwa na ami kwenye kipago cha juu kabisa, na mimi nikamsukuma. Mtafiti mwengine, Courtenay Norbury, alionyesha mwaka 2005 kwamba usonji peke yake hauelezi yote, kwani wingi wa maneno na ujuzi wa lugha una nguvu zaidi katika kuelewa sitiari. Hilo nililiona kwa macho yangu. Mwanangu hakuwahi kutatizwa na kupiga simu, kupiga pasi wala kupiga mswaki, maana aliyasikia kila siku tangu utotoni. Tatizo lilikuwa fumbo jipya linaloingia bila hodi.

Na aliyegundua namna ya kupiga hodi alikuwa mama yangu. Aliona kitu ambacho sisi wasomi hatukukiona: mjukuu wake alipenda vitendawili. Ukimwambia "Kitendawili!" hujibu "Tega!" na macho yakamcheka. Ukisema nyumba yangu haina mlango, haendi kuitafuta nyumba, hufikiri mpaka aseme yai. Mama akauliza, kwa nini hapa anaelewa na kule haelewi? Akajijibu mwenyewe. Kitendawili hujitangaza. Wazee walikiwekea mlango na kengele. Methali, kijembe na leso huingia kimyakimya, na mtu asiyesikia hatua zao hajui kwamba maneno yamebadilika rangi.

Basi ikawa sheria ya nyumba. Ukitaka kusema la kufumba, sema kwanza "Kitendawili." Mwanangu atajibu "Tega." Utasema fumbo lako, kisha utampa kisa chake, nalo litaingia daftarini kwa mwandiko wake. Ilitupunguzia makali vinywani, maana kijembe kilichotangazwa hakina sumu, na mama alikubali hasara hiyo kwa ajili ya mjukuu.

Mwaka 2019, alfajiri moja ya mwezi wa Machi, mama alianguka akitia udhu. Kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vimelegea, na daktari akatueleza kwamba jeraha liko upande wa kulia wa ubongo. Tulishukuru kwa sababu alikuwa anasema. Sauti ileile, maneno yaleyale, majina yetu sote anayajua. Tulidhani tumenusurika.

Ilichukua wiki kadhaa kuona kilichoondoka. Jirani alikuja kumtania, "Bibi, sasa waweza kukimbia hadi Likoni na kurudi." Mama alimtazama bila tabasamu, akamjibu, "Siwezi. Mguu huu hauna nguvu." Watu wakacheka, yeye akawashangaa. Kisha dada yangu akamletea leso mpya, akaikunjua mbele yake kama walivyozoea. Mama akalisoma jina: Mchimba kisima huingia mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akauliza kwa wasiwasi wa kweli, "Kisima gani? Nani ameingia?"

Dada yangu alitoka nje akalia. Alisema mama yetu amekufa, huyu ni mwengine. Mimi sikulia, kwa sababu swali lile nilikuwa nimelisikia kwa miaka kumi kwenye kinywa cha mwanangu. Tayari nilikuwa najua kwamba mtu aweza kukosa fumbo na akabaki mzima wa akili na mapenzi. Mwaka 1977 Ellen Winner na Howard Gardner walichapisha jaribio kwa watu walioumia ubongo. Walitamka usemi wa moyo mzito, wakaonyesha picha. Wengi wa walioumia upande wa kulia walichagua picha ya mtu anayeyumba kwa kubeba moyo mkubwa mwekundu, na hawakuona ajabu, ingawa wakiulizwa kwa mdomo waliweza kueleza maana. Lugha yao ilikuwa nzima. Kilichovunjika kilikuwa kile kinachokuambia, hapa simama, maneno haya si kama yalivyo. Madaktari wetu hutueleza habari za mkono na mguu, na ni haki watueleze, lakini najiuliza ni familia ngapi za pwani zimemwona mama au baba amekuwa mkavu baada ya kiharusi, zikasema amebadilika tabia, zikavunjika moyo bila kujua ni jeraha.

Aliyejua la kufanya alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwanangu alivuta kigoda, akakaa upande wa kulia wa kitanda, upande ambao bibi yake alikuwa anaona vizuri. Akasema, "Bibi, kitendawili."

Mama akajibu papo hapo, "Tega." Neno lile halikuwa limeondoka.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe. Si kisima cha maji. Kuna mtu alitaka mwenziwe aumie. Akafanya mpango. Mpango ukamuumiza yeye."

Mama akatazama dari kwa muda. Mwanangu hakumharakisha, maana anajua muda huo una nini ndani yake. Kisha mama akasema, pole pole, "Kama yule jirani yetu wa Kuze."

"Sijui jirani wa Kuze," mwanangu akasema. "Nipe kisa."

Akapewa kisa. Kilichukua nusu saa, na kiliandikwa daftarini. Kuanzia siku ile ilikuwa kazi yao ya kila Alasiri. Alimfungulia leso zake moja moja kutoka sandukuni, akazisoma, bibi akaeleza alimvalia nani na kwa nini, na pale alipokwama mjukuu alimkumbusha kutoka daftarini. Zilikuwa zaidi ya leso sitini. Kuna siku alikumbuka kitu na uso wake ukarudi kuwa ule wa zamani kwa dakika mbili tatu, na kuna siku haukurudi kabisa. Mwanangu hakuonyesha tofauti baina ya siku hizo.

Mama alifariki 2022. Siku ya hitima nyumba ilijaa kuanzia ukumbini hadi ngazini, watu wa Mji wa Kale, wa Likoni, wa Lamu. Mwanangu alikuwa mlangoni akigawa misahafu. Nilimwona mabega yanapanda, nikajua, lakini baina yangu na yeye kulikuwa na watu wapatao thelathini waliokaa chini. Akasema kwa sauti ya chini, "Feri imejaa."

Aliyekuwa karibu naye alikuwa ami kutoka Lamu, mzee yuleyule wa biriani, sasa anatembea kwa bakora. Hakuuliza feri gani. Akasema, "Basi tushuke," akawaambia watu waachie ndia, akamshika kijana mkono, wakapanda ngazi pamoja hadi paa la juu. Nilipowafuata niliwakuta wameketi wanaangalia mashua. Ami alikuwa analia, na mwanangu alikuwa amemshikia bakora.

Sasa mwanangu ana miaka kumi na tisa. Yuko kwa fundi wa milango ya kuchonga, na fundi wake ameelezwa: ukitaka kitu, sema kitu hicho. Daftari limefika la tatu.

Kwako mwalimu: mtoto akijifunga mdomo kwa kitambaa, mfungue, kisha mwambie "nyamaza". Kwako dada ambaye mamako ametoka hospitali akiwa na kiharusi na hacheki tena ulivyomzoea: muulize daktari ni upande gani wa ubongo, na usimnyime maongezi. Na kwako mzazi ambaye mtoto wako hurudia neno moja lisilokuwa na maana kwako: nunua daftari la shilingi hamsini, andika tarehe, mahali, nani alikuwepo na nini kilitangulia. Anza na neno atakalolisema leo.